Mizani ya Mawifi Wawili

Sindano alikuwa mnene. Tuliseme mapema lisije likatusumbua njiani. Jina hilo alipachikwa na wateja wake, kwa kuwa kazi yake ilikuwa ushonaji, na pia kwa kuwa watu wana midomo: mwanamke anayeujaza mlango akiitwa Sindano, kila mgeni lazima acheke, na mteja anayecheka husahau kubishana bei. Mwenyewe alilipenda jina lake. Kilichomkera ni goti la kulia, ambalo lilikuwa limesagika kwa ndani hata kukanyaga pedeli ya cherehani kukawa adhabu, pamoja na daktari wa mifupa aliyekataa kulifanyia upasuaji.

"Punguza mwili kwanza," daktari alimwambia huku akiandika na bila kumtazama. "Goti jipya halitabeba mzigo huu. Punguza, halafu uje tupange siku."

Sindano hakubisha. Alirudi nyumbani kwa kaka yake, alikokuwa akiishi tangu ndoa yake ivunjike, akatangaza mezani kwamba kuanzia kesho yeye na mkate, soda na sukari hawajuani tena. Kaka alikuwa mpima ardhi, na kazi ile ilikuwa imemwingia mpaka rohoni. Hata maneno ya watu aliyapima kabla ya kuyapokea. Akainua nyusi. Mama yao, bibi mzee aliyekuwa bado ameshika jiko la nyumba ile, aliguna. Aliyeweka kijiko chini alikuwa Wifi.

"Basi safari hiyo twende wote, wifi," alisema. "Na mimi nguo zangu zimeanza kunisema."

Huyu Wifi, mke wa Kaka, alikuwa Mzungu. Aliingia nyumba ile miaka mingi nyuma, akajifunza lugha kwa kugombana na wauza nyanya, na sasa alikuwa akijua kutania kuliko wenye lugha yao. Alilingana na Sindano kwa kimo, kwa umri walipitana miezi tu, na walipopanda mizani walilingana hata kwa uzito. Mama alikuwa akisema Mungu amemzidishia binti mwingine, ila huyu kamchovya kwenye maziwa kwanza. Walifanya kazi chumba kimoja: Sindano akikata na kushona, Wifi akimalizia kwa mkono, vifungo, pindo na matundu. Wapo wanaosema wifi na wifi ni paka na panya. Hawa walikuwa chanda na pete, na waliotaka kuwagombanisha walikuwa wameshachoka siku nyingi.

Nesi mmoja mteja wao, aliyekuja kupunguziwa sketi, ndiye aliyewaelekeza hospitali kuu. Alisema kuna daktari pale anatafuta wanawake wanene, weusi na weupe, apime jinsi miili yao inavyochoma mafuta, na wanaoshiriki wanafuatiliwa bure na kupewa maelekezo ya chakula. Walipofika walimkuta ni binti mwembamba mwenye miwani mikubwa kuliko uso, nao wakambatiza Daktari Miwani kabla hata hajamaliza kujitambulisha. Aliposikia kwamba hawa ni mawifi, wanakula chungu kimoja, wanafanya kazi moja na uzito wao ni mmoja, nusura apande juu ya meza kwa furaha.

"Nyinyi nilikuwa nawatafuta kwa tochi," alisema. "Wanawake weusi na weupe wakipewa chakula kilekile, kwa wastani weupe hupungua upesi zaidi. Kwa wastani, sikusema kila mmoja. Na watu wana jibu jepesi: eti weusi wanadanganya, wanakula pembeni. Mimi siamini. Nadhani miili yenyewe haitumii mafuta kwa namna moja. Nataka kuona."

Sindano aliposikia maneno yale, eti watu husema wanadanganya lakini mimi siamini, alimpenda yule binti papo hapo. Akatoa mkono wake wachukue damu kabla hajaombwa. Damu zao zote mbili zilikuwa safi. Kisha wakalazwa kwa zamu kitandani, kila mmoja akafunikwa kichwa kwa kifuniko cha plastiki kinachoonyesha, kama kile cha kufunikia keki dukani, chenye bomba la kuvuta pumzi yake hadi kwenye mashine. Kazi yake mtu ilikuwa kulala kimya, kupumua, na asisinzie.

"Daktari," Sindano alisema kabla hajafunikwa, "unga ukiufunika hivi huumuka. Mimi usinilaumu."

Wakaanza. Mama aliwapikia kama walivyoelekezwa: mboga nyingi, maharage, kipande cha kuku, wali wa kuhesabika. Mwanzoni mizani iliwashukia wote wawili sawasawa, nao wakawa wanatambiana kila asubuhi kama wachezaji wa bao. Baadaye mambo yakabadilika. Uzito wa Sindano ukawa unashuka kwa kuringa, leo kidogo, wiki nzima kimya, kesho kidogo tena. Wifi yeye akaanza kuyeyuka. Mashavu yakaingia ndani, kiuno kikajitokeza, sketi zikawa zinamvuka. Kila wiki Sindano alikuwa akimbania nguo upya, na kila wiki alikuwa akibana zaidi.

Sifa zikaanza kumiminika. Majirani walimsimamisha Wifi mlangoni wakamwuliza siri. Kaka akaanza kumwita mchumba mbele za watu, akamnunulia mkanda, akawa anatembea naye Jumapili kama ameoa juzi. Halafu akili za watu zikafanya hesabu ambayo hakuna aliyeziomba: kama chungu ni kimoja na huyu anapungua, yule mwingine ana chungu cha pili wapi?

Na kweli mkate ulianza kupotea. Mama alinunua mkate mzima kwa ajili yake na Kaka, asubuhi akakuta nusu. Siku nyingine akakuta ncha tu. Asali ikawa inashuka chupani, mayai ya kuchemsha yakawa yanatoweka. Mama alihamisha tu vitu kutoka rafu ya chini kwenda ya juu, na ya juu nayo ikaliwa. Aliyesema ni Kaka.

"Mkate hauna miguu," alisema mezani.

Hakutaja mtu. Lakini macho nayo yana mdomo, na ya wote yaligeukia upande mmoja.

"Sijala," Sindano alisema.

"Nani kasema umekula?"

"Basi mbona unaniangalia tumboni? Mkate umeandikwa hapa?"

"Dada, sisi ni ndugu. Ukishindwa, sema umeshindwa. Hakuna atakayekucheka."

"Nikishindwa nitasema. Sijashindwa. Sijala!"

Wifi alikuwa akikwangua sahani yake, ambayo ilikuwa tupu muda mrefu. Mama akasema basi, yaishe, chakula hakipendi ugomvi. Hayakuisha. Kuanzia siku ile Sindano hakuingia jikoni kwao bila kukohoa kwanza, watu wasikie kwamba ameingia na wasikie kwamba ametoka. Mwanamke mtu mzima, mwenye kazi yake, anakohoa kwenda kunywa maji. Tusiseme mengi, lakini usiku alilia.

Walipofunikwa ile plastiki mara ya pili, Daktari Miwani aliwaita mmojammoja. Alimwonyesha Sindano kwenye kompyuta mistari miwili. Mmoja ulitambaa chini. Mwingine ulikuwa juu sana, umeupita ule wa kwanza kwa mbali.

"Wa chini ni wewe," alisema, na sauti yake ilikuwa na furaha asiyoweza kuificha. "Wa juu ni wifi yako. Mmelala tu, hamfanyi lolote, lakini yeye anachoma karibu mara moja na nusu yako. Ndivyo tulivyotarajia. Yaani, nilitarajia tofauti, ila sikutarajia ijitokeze wazi namna hii!"

"Kwa hiyo mimi sili pembeni."

"Mama, mwili wako unabana matumizi. Ni hivyo tu."

Sindano alitoka pale na goti lake bovu akitembea kama hana goti. Aliwaeleza nyumbani neno kwa neno, mistari, mashine, kubana matumizi. Wifi alimshika mkono chini ya meza, akaufinya. Mkono wake ulikuwa na jasho. Mama alionekana kutaka kuamini. Kaka alisikiliza mpaka mwisho, akafuta mdomo.

"Sawa. Mwili unabana matumizi, nimekubali. Na mkate? Nao unaliwa na mashine?"

Ukweli ndio ulikuwa huo: mkate ulikuwa unaliwa, na Sindano hakuwa anaula, na katika nyumba ya watu wanne mmoja ni kizee asiye na meno ya kutosha na mmoja ndiye anayelalamika. Wa nne alikuwa amekonda kama fito. Nani angemshuku aliyekonda?

Siku ya kurudi kwa daktari wa mifupa, Wifi alimsindikiza na kumshikia mkoba. Daktari alimpandisha mizani, akasoma, akavuta midomo.

"Hapa hatujafika popote."

"Nimepungua, daktari. Kidogo, lakini nimepungua. Na kule kwenye utafiti wamesema..."

"Mama," daktari alimkatiza, kwa upole wa mtu aliyekwisha kuamua, "kaka yako alinipigia simu. Ana wasiwasi na wewe. Ameniambia habari za mkate."

Sindano alihisi sikio lote linawaka. Kaka yake, tumbo moja, amepiga simu. Amechukua aibu ya nyumbani akaipeleka kwa mtu mwenye kisu cha goti lake. Aligeuka amtazame Wifi, apate walau jicho moja la kumtetea. Wifi alikuwa ameukumbatia mkoba kifuani, anaangalia sakafu.

"Njoo mwakani," daktari alisema.

Mwakani. Fundi wa cherehani hawezi kulisubiri goti mwaka mzima. Tayari alikuwa akishona kwa mguu wa kushoto, akiwa amekaa upandeupande, na mishono yake mirefu ilikuwa imeanza kupinda. Akijua kwamba mwakani pia atapandishwa mizani ileile na kuulizwa mkate uleule, alianza kufikiria kuuza cherehani. Aliwaza hivyo mchana, akili timamu, bila machozi, na hilo ndilo lililomtisha.

Kazini nako kulikuwa kumeharibika. Wifi, ambaye pindo zake zilisifika kote, alianza kutoa kazi ya ovyo. Vifungo vililegea. Matundu yalikwenda kombo. Mhudumu wa hoteli alirudisha koti lake akasema limetiwa vifungo na mtu mlevi. Sindano alidhani ni maringo: mtu akipata kiuno anasahau mikono. Alimwona akifungua madirisha yote wakati wengine wamevaa sweta, akijipepea kwa kipande cha karatasi ya kukatia, akiamka kila mara kwenda stoo ya vitambaa bila kurudi na kitambaa.

Siku moja, saa za mchana, mteja alitaka bitana ya kijivu. Sindano alimwita Wifi, hakuitikiwa. Akajikokota mwenyewe mpaka stoo. Nyuma ya marobota ya kitambaa, sakafuni, Wifi alikuwa amekaa na mkate mzima mapajani, anaunyofoa kwa mikono yote miwili, chupa ya asali katikati ya magoti. Alikuwa akila na kulia kwa wakati mmoja. Kikulacho ki nguoni mwako. Sindano alikuwa ameusikia msemo huo tangu utotoni, na hakuwahi kudhani atakuja kuuona kwa macho, umekaa kwenye bitana yake.

"Ni wewe," alisema.

Wifi alimeza kwa shida. "Ni mimi."

"Tangu lini?"

"Tangu mkate wa kwanza."

"Na mayai?"

"Na mayai."

Alitaka kumpiga. Tusimpambe. Rula ya mbao ilikuwa karibu, na mkono wake ulishaanza kuitafuta.

"Ulikaa kwa daktari umeshika mkoba wangu!" alisema, na sauti yake ilimfikia mteja kule mbele. "Mkoba wangu! Nikakugeukia, ukaangalia sakafu! Mimi nakohoa jikoni kwa mama yangu kama mwizi, kumbe mwizi nalala naye chumba cha pili!"

"Njaa, wifi. Hujui. Inaniamsha. Nakula nashiba, nikisimama nina njaa. Na kadiri ninavyokula ndivyo ninavyokonda. Kila mtu ananisifu. Kaka yako ananiita mchumba. Ningewaambia nini, kwamba nakula kuwashinda wote? Halafu yule binti akaonyesha mstari wake, nikasema basi, labda ndivyo tulivyo sisi weupe, tunachoma tu."

"Na mimi nikakubali," Sindano alisema. "Nikakubali kabisa."

"Usimwambie kaka yako. Nitaacha, naapa."

Sindano alitoa simu. Picha yote aliiona: Kaka akija mbio, mkate mapajani mwa mchumba wake, Mama akiwa shahidi. Haki yake ilikuwa pale sakafuni, bado ina alama za vidole. Alikuwa ameshaitafuta namba ya Kaka. Wifi alijaribu kusimama ili amzuie, miguu ikamkataa, akakaa tena kwa kishindo. Sindano alimdaka mkono bila kufikiri. Ulikuwa wa moto, umelowa, na mshipa wa kifundoni ulikuwa ukienda mbio kama cherehani iliyokanyagwa na mtoto. Akatazama shingo. Pale napo kitu kilikuwa kinarukaruka chini ya ngozi. Vidole vile vilivyokuwa vikishona pindo zisizoonekana vilikuwa vinatetemeka vyenyewe, juu ya makombo.

Hakuwa daktari. Hakujua ni nini. Alijua tu kwamba huo si wembamba, na kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Akaifuta namba ya Kaka, akaita teksi. Haki yake ikasubiri, kama ilivyokwisha kuzoea.

Hospitali kuu hawakuwaweka foleni. Nesi alimpima Wifi mapigo ya moyo, akapima tena, akaita mwenzake. Daktari wa zamu alimwambia ameze mate huku akimpapasa shingo, akamwuliza maswali ya joto, usingizi na njaa, akaagiza damu. Kabla ya jioni walikuwa na jibu: tezi ya shingoni ilikuwa imechachamaa, inauendesha mwili wote mbio, moyo ukiwemo. Angekaa hivyo muda mwingine, moyo ungemwangusha. Dawa ipo. Atalazwa.

Daktari Miwani alipopata habari alikuja akikimbia, koti halijafungwa. Alisimama kwenye ukumbi mbele ya Sindano akavua miwani, na bila miwani alionekana kama mwanafunzi wa sekondari.

"Damu ya mwanzo ilikuwa safi," alisema. "Ugonjwa umeanza baadaye. Lakini ule mstari ulikuwa mbele yangu. Mwanamke mweusi akitoa namba kubwa vile, ningeshtuka palepale, ningeita watu. Kwa sababu alikuwa mweupe nikasema, ndiyo, ndivyo tulivyotarajia."

"Kwa hiyo hakuna tofauti? Ulinidanganya?"

"Ipo, lakini ndogo. Kwa wote tuliowapima, kwa wastani, haifiki hata vipande viwili vya mkate kwa siku. Na wapo weusi wanaochoma kuliko weupe. Wewe uko chini kidogo, hilo ni kweli, na goti halikuruhusu kutembea. Unapungua polepole kwa sababu hizo."

"Sikuwa mwongo."

"Hukuwa. Nitamwandikia daktari wako leo hii."

Sindano alimshukuru. Hakumkasirikia, hasira yake ilikuwa na wenyewe, na wenyewe walikuwa wanapanda ngazi.

Mama na Kaka, waliopigiwa simu na nesi, walimkuta Wifi ameegemezwa mito, amepewa dawa ya kutuliza moyo, uso mweupe pe. Daktari wa zamu aliwaeleza habari za tezi. Wifi alimsubiri atoke, akasema mara moja, bila kupamba, "Mkate ni mimi. Asali ni mimi. Vyote ni mimi. Wifi hakugusa kitu."

Mama aliinama papo hapo akamshika shavu.

"Maskini mwanangu! Kumbe ulikuwa na njaa hivyo, na unajificha! Ungeniambia ningekupikia."

"Mbona hukusema, mke wangu?" Kaka alisema, na macho yalikuwa yamemlowa. "Ningekuletea mwenyewe. Pole. Pole sana." Akaanza kumpapasa mkono. Mama akauliza kama wagonjwa wanaruhusiwa kuletewa mkate.

Sindano alikuwa amesimama upande wa miguu ya kitanda. Alingoja. Alidhani watageuka, aliwapa nafasi, hata akakohoa. Walikuwa wanajadili mkate wa siagi au mkavu.

"Jamani," alisema. "Na mimi?"

Waligeuka kama watu walioitwa na mgeni.

"Mkate huu nilipodhaniwa nimeula mimi uliitwa ulafi. Mkapiga simu. Sasa umeliwa na huyu, unaitwa ugonjwa, na mnataka kumwongezea. Mkate ni uleule! Hakuna hata mmoja wenu aliyesema labda dada anaumwa, labda mwanangu anaumwa, hebu tukampime. Mliangalia mwili wangu mkapata jibu."

"Dada, hapa hospitali," Kaka alisema.

"Najua ni hospitali, nimemleta mimi. Toa simu. Mpigie daktari wa mifupa."

"Sasa hivi?"

"Ulipompigia kunipaka matope uliahirisha?"

"Mpigie," Wifi alisema kutoka kwenye mito. "Mimi dawa nimeshapewa."

Kaka alipiga. Alianza kwa kuzungukazunguka, eti kulikuwa na kutoelewana kidogo nyumbani, eti mambo ya kifamilia. Sindano alimtazama tu. Mpima ardhi akakosa pa kusimama. Mwisho akasema, "Daktari, dada yangu hakula ule mkate. Nilikosea. Alikuwa anasema kweli." Alisikiliza upande wa pili, akaitikia mara mbili, akafunika simu kwa kiganja. "Anasema barua ya utafiti imeshamfikia. Uende wiki ijayo, mzungumze upya."

Hapo Mama alianza kulia, kwa sauti ndogo ya wazee. Akamjia Sindano, akamshika mikono yote miwili.

"Nilikuzaa mimi," alisema, "na nimekuwa wa mwisho kukuamini."

Sindano alimpenda mama yake. Aliyaona machozi yale na yalimwuma. Lakini alikuwa amechoka, na kitu alichokuwa akikitaka miezi yote ile kilikuwa kimefika mikononi mwake, naye akakiangalia vizuri akakuta sicho.

"Bado hujaniamini, mama," alisema. "Neno langu lilikuwa lilelile tangu siku ya kwanza. Ulichoamini leo ni tezi ya Wifi."

Mama aliiachia mikono yake. Kaka alikuwa bado ameshika simu, anaitazama kana kwamba inaweza kumsaidia. Goti lilimchoma Sindano, akatafuta pa kukaa, kiti hakikuwepo. Wifi alikunja miguu yake chini ya shuka akamwachia nafasi kitandani, naye akakaa.